Futa Faili Hili, Kompyuta Yako Itapona

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanaanza na dubu. Simsemi mnyama wa porini, maana Serengeti ina kila mnyama wa kumtaja lakini dubu hayumo. Ni dubu wa kuchezea watoto, wa kijivu, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, aliyechorwa kando ya jina la faili moja ndani ya kompyuta. Mwezi Aprili 2002 ilianza kuzunguka duniani barua pepe ya kuwatahadharisha watu juu ya dubu huyo. Tafuta faili linaloitwa jdbgmgr.exe, ilisema. Ukilikuta lina picha ya dubu, ujue umekwisha kuambukizwa virusi. Programu za Norton na McAfee haziwezi kuviona. Hukaa kimya siku 14, kisha huharibu kila kitu. Lifute upesi, halafu wajulishe watu wote waliomo kwenye orodha yako ya anwani. Watu wakatafuta, wakamkuta dubu kama walivyoambiwa, wakashikwa na hofu, wakafuta. Na karibu kila aliyetafuta alimkuta, kwa sababu dubu yule aliwekwa pale na Microsoft wenyewe. Faili lile lilikuwa halali kabisa, chombo cha waandishi wa programu za lugha ya Java, na lilikuja pamoja na Windows. Ni sawa na kumwambia mtu ajipapase ubavuni, na akigusa mfupa ajue ana uvimbe.

Mwaka mmoja kabla yake ulipita ujumbe mwingine wa namna hiyohiyo, ulioanzia Brazil kwa Kireno ukatafsiriwa lugha baada ya lugha, ukidai kwamba faili la sulfnbk.exe ni virusi vitakavyoamka Juni 1, 2001. Nalo lilikuwa faili halali la Windows 98, lenye kazi ndogo ya kurudisha majina marefu ya mafaili yanapokatika. Hiyo miwili tuiite mizaha mipole, kwani waliofuta wengi wao hawakuona hasara yoyote. Uliokuja kuvuma baadaye mitandaoni ni mkali zaidi: ule unaomwambia mwenye kompyuta nzito kwamba dawa yake ni kufuta folda ya System32. Folda hiyo imebeba maelfu ya mafaili, yakiwamo yanayoiamsha kompyuta ikiwashwa, yanayoitambulisha kwa kibodi na printa, na yanayotunza orodha ya watumiaji wake. Aliyewahi kuona duara la wachimbaji wadogo atanielewa upesi. Matimba yanayozuia kuta za shimo yanabana njia, na mtu anayeteremka kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni magogo yaliyosahaulika humo. Mwambie ayatoe ili apite vizuri, uone. Na jina lenyewe la folda linamsaidia mchokozi. Hiyo 32 ni masalia ya enzi za kompyuta za biti 32. Za leo nyingi ni za biti 64, ila Microsoft waliliacha jina kama lilivyokuwa ili programu za zamani zisipotee njia. Hapo mchokozi anapata hoja iliyonyooka: kompyuta yako ni ya 64, sasa hilo la 32 linafanya nini humo? Mtu mwenye akili zake anaona kweli, ni takataka.

Ukiupitisha ujumbe wa namna hii kwenye programu ya kukagua virusi, utatoka safi. Hauna sumu ndani yake. Ni maneno tu, na maneno hayafuti faili. Anayefuta ni mwenye kompyuta, kwa kidole chake, akiwa macho, tena akishukuru kwamba amepata msaada. Mchokozi hakuingia kwa nguvu wala hakuiba nywila. Ameazima mkono wa mwenye mali. Hapo ndipo watu wanapocheka na kusema, basi tatizo ni ujinga, na mjinga akiliwa amepata ada ya shule. Mimi nasema hesabu hiyo haitoki. Mjinga kamili wa kompyuta hawezi kuumizwa na mzaha huu, kwa sababu hawezi kuifikia System32. Hajui C ni nini wala folda zimejificha wapi. Anayeumia ni yule aliyejifunza nusu ya njia, anayeweza kufuata hatua saba mfululizo bila kukosea, na anayeamini kwamba anayezitoa hatua hizo anajua sababu yake. Na yule aliyeusambaza ujumbe wa dubu kwa ndugu na wafanyakazi wenzake hakuwa na ubaya moyoni, alikuwa anawaokoa. Mzaha unakula utiifu na wema, vitu viwili ambavyo tunawafundisha watoto tangu darasa la kwanza.

Sasa ulete mzaha huo mkoani Mara: Tarime mjini, Sirari, Nyamongo au Mugumu. Ulipobuniwa, aliyekusudiwa alikuwa kijana mmoja mwenye kompyuta yake chumbani kwake. Ikifa, atakasirika siku mbili, ataipiga windo upya, yaani ataiwekea Windows tena, na maisha yataendelea. Lakini kompyuta ya steshenari haina mtu mmoja. Itazame kwa karibu: kioo chenye vumbi pembeni, kibodi ambayo herufi A na E zimefutika kwa kupigwa, na kwenye kioo hicho mafaili yamejazana hadi picha ya nyuma haionekani. Barua ya mtendaji wa kijiji ya kumtambulisha mkazi. Wasifu wa kijana anayeomba kazi mgodini. Ratiba ya mazishi, ile yenye picha ya marehemu juu kulia. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu ya binti aliyekuja asubuhi, akaambiwa arudi mchana na namba ya NIDA ya mzazi. Kila anayeingia na flashi anaacha kitu na kuondoka na kitu, mara nyingi pamoja na virusi, na ndiyo maana kompyuta ni nzito. Kijana wa zamu anajua ni nzito, wateja wanamlalamikia, hana bando la kupakua programu ya kukagua virusi, na mwenye duka yuko safarini Mwanza. Tuseme siku hiyo inaangukia mikononi mwake video fupi ya mtu anayeongea kwa kujiamini, akionyesha jinsi ya kuifanya kompyuta iwe nyepesi kwa dakika 2. Kicheko kilichokusudiwa mtu mmoja kinawaangukia watu arobaini, na wengi wao hawajawahi hata kuigusa kompyuta hiyo.

Wapo watakaosema nimechelewa, kwamba haya ni mambo ya enzi za Windows XP. Kweli kiasi. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, mafaili ya mfumo yana mlinzi wake wa ndani, na hata ukiingia kama msimamizi wa kompyuta ukajaribu kuifuta System32 yote, utakataliwa. Lakini tazama mchokozi alivyojibu: hakupambana na mlinzi, alirefusha maelekezo. Kwanza jipe umiliki wa folda, kisha jipe ruhusa, kisha futa. Ukuta umejengwa kumzuia mgeni, na anayetumwa ni mwenye nyumba, mwenye funguo zote. Tena mzaha huu umekwisha kuzaa mtoto asiyetania. Tangu mwaka 2024 wataalamu wa usalama wamekuwa wakionya juu ya mbinu waliyoipa jina la ClickFix: unafungua ukurasa, unaambiwa uthibitishe kwamba wewe si roboti, na uthibitisho wenyewe ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukitii, umebandika na kuiendesha amri ambayo ukurasa ule ulikuwa umeinakili kimyakimya kwenye kompyuta yako, na mwizi ameingia. Umbo lake ni lile la dubu: hofu kidogo, hatua chache nyepesi, na mkono wako.

Kuna tukio moja linalonifanya nikatae kabisa kumcheka aliyefuta. Ijumaa ya Julai 19, 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikaanguka kwenye kioo cha bluu na kukataa kuamka. Ndege zilibaki chini, hospitali ziliahirisha shughuli, benki zikakwama. Dawa iliyotolewa na wataalamu wenyewe ilikuwa nini? Iwashe kompyuta katika hali ya usalama, ingia kwenye System32, fungua folda ya madereva, humo ifungue folda ya CrowdStrike, tafuta faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, ulifute. Ndiyo hivyo. Maelekezo yaliyokuwa yakisimuliwa kwa miaka mingi kama mzaha yakawa siku hiyo ndiyo tiba halali, na mafundi wa mashirika makubwa wakakesha wakifuta faili ndani ya System32, kompyuta moja baada ya nyingine. Matapeli nao hawakulala; walitoa tiba zao bandia wakijifanya wasaidizi. Kwa hiyo, ukimwambia mtu wa Mugumu asikubali kamwe kufuta kitu ndani ya System32, umempa kanuni ambayo ingemponza siku ile. Agizo la kweli na agizo la uongo huvaa nguo moja. Linaloyatenganisha ni kwamba la kweli lilikuja na jina la aliyelitoa, likaeleza faili lile ni nini, liliingiaje na kwa nini linaharibu. La uongo lina haraka, halina mwenyewe.

Hoja nyingine nimeisikia ikirudiwa sana: watu wa Tarime na Serengeti hawana kompyuta, wana simu, kwa hiyo habari za System32 ziachiwe wa mjini. Simu ina matimba yake pia. Kwenye Nokia nyingi za zamani kulikuwa na kodi ya nyota na reli iliyorudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, picha na majina vikaenda. Ilidai kwanza namba ya siri, na namba yenyewe ya kiwandani ilikuwa 12345. Baadhi ya simu za Samsung zilikuwa na kodi iliyofuta kila kitu bila hata kuuliza. Septemba 2012, kwenye mkutano wa Ekoparty jijini Buenos Aires, mtafiti Ravi Borgaonkar alionyesha kwamba kwenye baadhi ya Samsung hizo kufungua ukurasa tu kungetosha kuiendesha kodi hiyo, na kampuni ikalazimika kuziba tundu. Sizitaji kodi hizo hapa, na msikilizaji ataniwia radhi, kwa sababu najua fika kwamba nikizitaja wapo watakaozijaribu kwenye simu ya shemeji. Ipo pia kodi ya kuhamisha simu zako zote ziingie kwa namba ya mtu mwingine, na hiyo matapeli wanaipenda kuliko zote, maana wewe utaona simu imetulia tu, kumbe benki inampigia mwizi.

Na simu siku hizi haibebi picha za harusi peke yake. Mugumu kuna nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, inayowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Nyingine iko Kiabakari wilayani Butiama. Tangu mwaka 2015 wajitolea wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji vya Tanzania kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, barabara na njia za miguu ambazo hazikuwamo kwenye ramani yoyote, na ramani hiyo hutumika bila mtandao kumfuata msichana aliyepiga simu usiku kutoka kijiji ambacho dereva hajawahi kufika. Vijijini wapo watu waliopewa simu janja na mafunzo ya kuripoti ukatili kwa kujaza fomu. Fomu ya namna hiyo hujazwa palepale, mtandao uwepo usiwepo, ikabaki ndani ya simu ikingoja minara. Katika vilima vya Serengeti inaweza kungoja hadi kesho. Saa hizo za kungoja, nakala ya habari hiyo ni moja tu duniani, na iko mfukoni mwa mtu mmoja ambaye amefundishwa kufuata maelekezo yanayofika kwenye simu yake. Mtu akimtania huyo kwa kodi ya kufuta simu, tutamweleza nini msichana?

Hapa nataka kuwageukia wenye mamlaka, kwa adabu. Nani ametuzoesha kutii kodi? Mwaka 2016, kabla ya simu bandia kuzimwa usiku wa Juni 16, Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ilitangaza nchi nzima kwamba kila mtu abonyeze *#06#, aisome namba itakayotokea na kuituma kwenda 15090. Likawa agizo jema, lenye faida, na watu wakalitii kuanzia mwenye kitochi hadi mwenye simu ya milioni. Ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, wenye tarehe ya mwisho Januari 20, 2020, pamoja na *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukitaka salio, bonyeza nyota. Ukitaka bando, bonyeza nyota. Sisemi walikosea. Nasema kwamba mkulima wa Tarime aliyezifuata zote hizo, akafanikiwa kila mara, amepata somo ambalo hakuna aliyekusudia kulitoa: kwamba kodi ikija na sauti ya kujua, kazi yako ni kubonyeza. Wachache walielezwa kwamba *#06# inaitaja tu namba ya utambulisho wa simu na haiwezi kubadilisha kitu. Kama wangeelezwa, wangekuwa na kipimo mkononi siku ya kodi nyingine: hii yenyewe inaonyesha, au inafuta?

Ndiyo sababu nasita kidogo mbele ya kampeni zinazotutaka tuogope tu. Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” tunaujua wote, na TCRA wamefanya vizuri na kampeni yao ya Sitapeliki na namba 15040 ya kuripotia matapeli. Lakini hofu peke yake ni silaha ya upande wa pili pia. Ujumbe wa dubu ulifanikiwa kwa kuwatia watu hofu ya virusi. Waliofuta walikuwa wamekwisha kuonywa mara nyingi kwamba virusi ni hatari, na onyo hilo ndilo lililowafanya wakimbilie kufuta. Mtu mwoga asiyejua sababu anahamishika kama mtu jasiri asiyejua sababu, tofauti ni upande anaosukumwa.

Watu wa mzaha nao wana utetezi wao, na wa kwetu ni mzito kuliko wa Wazungu, kwa kuwa sisi tuna utani. Tanzania ni nchi ambayo makabila yanadhihakiana hadharani na hakuna anayepelekwa polisi. Mtani anaweza kuja msibani kwako, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe fedha, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Basi kwa nini tukunje sura kwa kijana aliyemwambia mwenzake afute faili? Tatizo ni kwamba mtani yule unamjua, naye anajua wewe ni nani, na akishazuia jeneza ndiye huyohuyo anayeshika jembe kaburini na kuchota maji ya kupikia. Kesho ukienda kwake, zamu ni yako. Utani una deni ndani yake, unalipwa. Aliyeandika kwamba System32 ni takataka hakujui, hatakuona ukilia, na siku ya kuichukua kompyuta kuipeleka kwa fundi hatakuwapo kubeba hata waya. Hata methali ya mzaha mzaha hutumba usaha haitoshi hapa: mzaha aliufanya mmoja, usaha umemtumba mwingine, tena asiyekuwapo kwenye mzaha.

Kuna wanaotaka sheria imalize kazi. Tunayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 7, inamgusa anayefuta au kuharibu data za kompyuta kwa makusudi bila haki, na kifungu cha 16 kinamgusa anayesambaza habari za uongo akijua ni za uongo kwa nia ya kupotosha. Lakini mzaha huu unaiponyoka sheria kwa sababu niliyokwisha kuitaja: mkono uliofuta ni wa mwenye mali au wa mwajiriwa wake. Mwandishi wa kwanza huenda yuko bara lingine na ameandika miaka kumi iliyopita. Anayepatikana kwa urahisi ni mwanafunzi wa kidato cha nne wa Tarime aliyeusambaza kwa vicheko, na kwa kweli sitafurahi kumwona huyo kizimbani kwa kosa ambalo hata mwalimu wake angeweza kulifanya. Kifungu cha 16 chenyewe kimelalamikiwa na watetezi wa haki kwa upana wake. Sheria ibaki kwa anayeharibu akijua. Wanaosambaza bila kujua, ambao ndio wengi, wanahitaji kitu kingine.

Wakurya wana mkutano wa wazi wa wanajamii, iritongo, ambapo anayemtuhumu mtu kwa wizi wa ng'ombe anasimama mbele ya watu na kusema. Sitaki kuusifia kupita kiasi, una historia yake ya ukali na makosa. Ila una jambo moja ambalo simu imetunyang'anya: neno haliingii mkutanoni bila mtu. Kwenye WhatsApp, ujumbe unaingia na mishale miwili tu juu yake, alama kwamba umekwisha kupita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya kikundi au mtu mmoja kwa mara moja. Kizuizi hicho kinapunguza mwendo, hakimleti msemaji. Mtu wa mwisho aliyekutumia ni mjomba, unamheshimu, na heshima hiyo inauvalisha ujumbe ambao mjomba mwenyewe hakuuandika. Kumuuliza mjomba “faili hili kazi yake nini?” hakumvunjii heshima. Akijua atakwambia, na asipojua atakuwa amegundua kwamba na yeye aliletewa.

Na kama umekwisha kufuta? Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo hasara kubwa inapotokea, na haitokani na mchokozi. Kama kompyuta bado inawaka, usiizime. Fungua kapu la taka uyarudishe yaliyomo, mara nyingi bado yapo. Kama imezimika na ikiwashwa inaleta maandishi meupe juu ya kioo cheusi, usikate tamaa, kwa maana kilichokufa ni Windows. Barua ya mtendaji, ratiba ya mazishi, maombi ya mkopo ya yule binti, vyote vimo ndani ya diski vimetulia, havikuguswa. Kompyuta imepoteza matimba ya mlango, dhahabu ingali chini. Kinachovimaliza ni hatua inayofuata. Kompyuta inabebwa kwenye bodaboda hadi kwa fundi, fundi ana foleni, anaitazama mara moja na kusema hii inataka kupigwa windo, na mwenye duka anaitikia kama kijana wake alivyoiitikia video. Fundi anafomati sehemu ya C, na kazi nyingi za steshenari zimehifadhiwa kwenye desktopu, ambayo iko ndani ya C. Saa moja baadaye kompyuta inarudi nyepesi, safi, tupu. Kumbe ilitosha kuifungua, kuichomoa diski, kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya, kunakili folda za watu kwenye flashi, ndipo windo ipigwe. Ni kazi ya nusu saa zaidi na fundi yeyote wa Tarime au Mugumu anaijua. Haifanyi kwa sababu mteja hakuuliza.